Pensheni za wanajeshi Marekani: majimbo yashindania wastaafu kwa misamaha ya kodi

Wanajeshi wastaafu wanaoishi katika jimbo la California, Marekani, wamepata nafuu ya kodi ya mapato ya jimbo kuanzia mwaka wa kodi wa 2025. Kiasi cha hadi dola 20,000 cha pensheni ya kijeshi hakitozwi kodi hiyo, kwa wenye kipato kisichozidi dola 125,000 kwa mwaka, au dola 250,000 kwa wanandoa wanaowasilisha ritani ya pamoja. Nafuu hiyo itakoma baada ya mwaka wa 2029.

California ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwisho kuitoza pensheni hiyo kodi kikamilifu. Texas na Florida hazitozi kabisa kodi ya mapato ya watu binafsi, ilhali Arizona, Indiana na Nebraska zimeiondolea pensheni hiyo kodi yote ya jimbo.

Misamaha hii hutajwa kuwa shukrani ya taifa, lakini ndani yake umo pia ushindani wa kiuchumi. Mwanajeshi aliyejiunga akiwa na umri wa miaka 18 anaweza kustaafu akiwa na miaka 38, baada ya miaka 20 ya utumishi. Huyo bado ana nguvu za kufanya kazi nyingine, kununua nyumba na kulipa kodi nyinginezo. Aidha, sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inalizuia jimbo kutoza kodi pensheni ya mtu asiye mkaazi wake. Kwa hiyo mstaafu akihama, jimbo alilolitoka hupoteza mapato hayo.

Virginia, inayopakana na North Carolina na West Virginia zenye misamaha mipana zaidi, ni mfano wa wazi. Mwaka 2022 ilianza kusamehe hadi dola 10,000, ikaongeza kiwango hicho kila mwaka hadi kufikia dola 40,000 mwaka 2025. Awali walionufaika walikuwa wenye umri wa miaka 55 na kuendelea pekee. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2024.

Hata hivyo, lipo suala la usawa. Aliyetumikia jeshi kwa miaka minne au minane kisha akaondoka bila pensheni hapati chochote katika misamaha hii. Nalo pengo la mapato linaloachwa katika bajeti ya jimbo hubebwa na walipakodi wengine, au na huduma za umma.

Kwa mstaafu, kiwango cha msamaha peke yake hakitoshi kuamulia mahali pa kuishi. North Carolina, kwa mfano, inataka awe ametumikia angalau miaka 20 au amestaafishwa kwa sababu za kiafya. Zaidi ya hayo, popote atakapohamia, kodi ya serikali ya shirikisho juu ya pensheni yake itabaki palepale.