Jungu Kuu Halikosi Ukoko, Lakini Tuonje Kwanza

Wasikilizaji wa muziki ni mahakimu wasiolipwa mshahara, na labda ndiyo sababu hawachoki kutoa hukumu. Mwimbaji kijana atokeapo kwa mara ya kwanza, humsikiliza kwanza ndipo wakaamua. Mwimbaji mkongwe hapewi haki hiyo. Jalada lake limekwisha kujaa, na mahakimu hulisoma jalada badala ya kumsikiliza mshtakiwa. Wengine humtia hatiani kabla hajafumbua kinywa, ati siku zake zimepita. Wengine humwachilia huru kabla ushahidi haujatolewa, ati mtu kama yeye hakosei.

Mfano ulio wazi ni wa Nas, mwimbaji wa rapu wa Marekani, na albamu yake iitwayo King's Disease III, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2022. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 49. Katika muziki huo wa kufokafoka, ambao tangu mwanzo umehesabiwa kuwa mali ya vijana, umri huo ni sawa na wa sajini mkongwe aliyebakiza siku chache kabla ya kukabidhi sare zake. Maoni yaliyotolewa juu ya albamu hiyo yalikuwa mengi, na mengine makali. Sina nia ya kuwaambia wasomaji waipende au waichukie. Nataka tupime ni maoni ya namna gani yanayomfaa mtu aliyetumika muda mrefu, na ni yapi yanayompotezea wakati. Katika jeshi na polisi, ambako mkongwe na kuruta husimama kila asubuhi katika gwaride moja, jambo hili lapita mipaka ya starehe.

Kwanza tumfahamu mhusika. Jina lake kamili ni Nasir bin Olu Dara Jones. Baba yake, Olu Dara, alijipatia jina kwa kupiga tarumbeta katika muziki wa jazi. Kijana huyo alikulia Queensbridge, katika mji wa New York, mtaa wa nyumba za umma ulio mkubwa kuliko mitaa yote ya namna yake katika Amerika Kaskazini. Aliacha shule mapema. Mwaka 1992 rafiki yake wa karibu aliuawa kwa risasi. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 20, alitoa albamu yake ya kwanza, Illmatic. Ilikuwa na sehemu kumi tu, zenye jumla ya dakika zipatazo 40, lakini ilieleza maisha ya mtaa ule kwa uangalifu kama wa ripoti ya mpelelezi: nani alisimama wapi, saa ngapi, na alichukua nini mkononi. Wajuzi wa muziki huo wanaihesabu hadi leo miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kutolewa.

Tangu siku hiyo sifa ikageuka kifungo. Kila alichotoa baadaye kiliwekwa mizani moja na Illmatic, na kila mara kikaonekana chepesi.

Mwezi Machi 2021 ulionyesha jambo hilo kwa namna ya ajabu. Tarehe 14 ya mwezi huo, Nas alipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rapu kwa ajili ya King's Disease, ya kwanza katika mfululizo wa tatu, iliyotoka Agosti 2020. Hiyo ilikuwa Grammy yake ya kwanza, ingawa jina lake lilikuwa limependekezwa mara nyingi tangu miaka ya tisini. Siku kumi baadaye, Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza kwamba Illmatic imeingizwa katika orodha ya taifa ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa milele. Mtu mmoja, katika mwezi mmoja, aliheshimiwa kwa kazi ya ujana wake na kwa kazi ya utu uzima wake. Ingedhaniwa kwamba ubishi ungekwisha. Haukwisha. Albamu ya tatu ilipotoka mwaka uliofuata, wasikilizaji waligawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la waombolezaji. Hawa husema: kazi ni nzuri, lakini si Illmatic. Maneno hayo ni ya kweli, na hayana faida yoyote. Mtu wa miaka 49 hawezi kuandika kama kijana wa miaka 20 anayesikia milio ya bunduki chini ya dirisha lake, na kama angejaribu, tungemwita mwongo. Hebu tufikiri juu ya mkufunzi wa gwaride ambaye kila siku huambiwa kwamba mwaka fulani alikuwa akikimbia maili kumi bila kuhema. Yeye mwenyewe analijua hilo kuliko msemaji. Swali linalofaa kuulizwa ni kama makuruta anaowafundisha leo wanashika shabaha.

Kundi la pili ni la wasifu. Hawa walikuwa wamekwisha kuitangaza albamu kuwa bora kuliko zote kabla haijafika mwisho. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nas mwenyewe aliichagua kwa mfululizo wake anwani inayofaa kuwa onyo. "Ugonjwa wa mfalme" ni jina la zamani la jongo, maradhi ya viungo ambayo tangu kale yalihusishwa na wakubwa waliokula nyama na kunywa mvinyo kupita kiasi. Sifa nazo ni chakula cha namna hiyo: zikizidi, huvimbisha. Kati ya Agosti 2020 na Septemba 2023 mwimbaji huyu alitoa albamu sita pamoja na mtayarishaji mmoja. Hakuna mkulima ambaye mavuno yake sita ya mfululizo yote ni sawa. Katika albamu hizo zimo beti zinazojisifia mali na biashara mara nyingi mno, na zimo nyimbo ambazo kama zingeachwa hakuna ambaye angezitafuta. Shabiki asemaye kwamba zote ni dhahabu hamtendei wema mwimbaji. Humfanya kama afisa ambaye wasaidizi wake humletea habari njema tu.

Kundi la tatu ni la vijana wasemao, mzee na awapishe wenzake. Hoja hii ina uzito katika ofisi, ambako kiti ni kimoja, na koplo hapandi mpaka sajini aondoke. Katika muziki viti havina idadi. Wimbo wa mkongwe haumfungi kijana mdomo. Tena, tukitazama albamu hii yenyewe, tutaona kwamba kijana hakuzuiliwa mlangoni. Aliitwa ndani akapewa nusu ya kazi. Hapo ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote.

Kwa miaka mingi lilikuwapo lalamiko moja juu ya Nas ambalo halikuwa maombolezo wala sifa. Wasikilizaji walisema hivi: maneno yake ni mazito, lakini midundo anayoichagua ni dhaifu. Illmatic ilikuwa imejengwa na mafundi mashuhuri wa New York, miongoni mwao DJ Premier, Pete Rock, Large Professor na Q-Tip. Baadaye mwimbaji alihamahama kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, na mara nyingi ala zikashindwa kubeba uzito wa maneno. Hata albamu ya mwaka 2018, iliyotayarishwa na Kanye West na yenye nyimbo saba tu, wengi waliiona ya haraka haraka.

Lalamiko hilo lilikuwa na anwani. Lilitaja mahali penye kasoro, kama vile fundi wa magari wa kikosi asemavyo kwamba injini ni nzima ila kabureta imeziba. Na kasoro iliyotajwa hurekebishika. Mwaka 2020 Nas alikaa na Hit-Boy, mtayarishaji kutoka California ambaye ni mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Alimwachia kijana usukani wa midundo, naye akashika usukani wa maneno, kisha hakuhama tena mpaka albamu sita zikakamilika. Katika ile ya tatu ya mfululizo, hakualika hata mwimbaji mmoja wa rapu kuja kumsaidia beti. Alisimama peke yake mbele ya kipaza sauti, na lile lalamiko la zamani halikusikika tena kwa nguvu. Sidhani kwamba mkongwe alipungukiwa heshima kwa kumkubali aliye mdogo kuwa mwenzake kazini. Heshima yake ilizidi.

Ningependa sasa kutoa ushahidi mmoja kutoka ndani ya kazi yenyewe, ushahidi ambao askari na polisi wataupima vizuri kuliko watu wengine. Mwaka 1996 Nas alitoa wimbo uitwao I Gave You Power, ambamo msemaji ni bunduki. Bunduki hiyo hueleza jinsi inavyofichwa, inavyotolewa, inavyotumiwa kuua watu isiowajua, mpaka inachoka na kukataa kufyatuka. Ni wimbo wa kijana aliyekitazama chombo cha mauti kwa karibu. Miaka 26 baadaye, katika King's Disease III, umo wimbo uitwao Beef, neno ambalo vijana wa mitaa ile hulitumia kwa maana ya ugomvi. Safari hii msemaji si bunduki. Ni ugomvi wenyewe, unaojieleza jinsi unavyoingia baina ya watu na kuwala.

Polisi yeyote aliyewahi kuandika maelezo ya kesi ya mauaji atatambua tofauti hiyo. Silaha hupatikana mwishoni mwa habari. Mwanzo wake ni neno lililotamkwa kilabuni, deni dogo, mwanamke, mpaka wa shamba, au kejeli ambayo hakuna aliyeijali siku ile. Kijana wa mwaka 1996 alikihoji kielelezo kilichookotwa mahali pa tukio. Mtu mzima wa mwaka 2022 amerudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Anayo sababu ya kukijua chanzo hicho, kwa maana muziki wake uliwapoteza Tupac Shakur mwaka 1996 na The Notorious B.I.G. mwaka 1997, wote kwa risasi. Naye mwenyewe aliingia katika ugomvi mkali wa nyimbo na Jay-Z mwaka 2001, ugomvi ambao ungeweza kufika huko huko. Haukufika. Mwaka 2005 wawili hao walisimama kwenye jukwaa moja wakapatana mbele ya watu. Wimbo juu ya ugomvi ulioandikwa na mtu aliyeuzima wake ni kitu ambacho kijana wa miaka 20, hata awe na kipaji namna gani, hangeweza kutupatia.

Kwa hiyo wanaouliza kama albamu hii inaishinda ile ya kwanza wanauliza swali lisilo na jibu. Huo ni ukoko na huu ni wali. Vyote vimetoka jungu moja, na kila kimoja kina ladha yake na wakati wake wa kuliwa. Mimi nasema kwamba katika ustadi wa kueleza habari, Illmatic haijafikiwa, na pengine haitafikiwa. Lakini katika kuonya na kupima chanzo cha mambo, mtu mzima amemzidi kijana. Aliye na maoni tofauti na aje nayo, mradi ameisikiliza albamu yote, na ataje wimbo gani na kasoro gani.

Mambo haya tunayatenda kila siku makambini na vituoni, sisi kwa sisi, bila muziki wowote. Mara ngapi tumesikia ikisemwa juu ya koplo mwenye mvi kwamba "huyu amekwisha", na msemaji hajawahi kwenda naye doria hata usiku mmoja? Na mara ngapi mkubwa fulani amesifiwa kwa ushujaa wa zamani, huku kazi ya leo imelala mezani na hakuna athubutuye kumwambia? Yote mawili ni uvivu wa kupima. Askari anafundishwa kutoa ripoti ya kile alichokiona, mahali alipokiona na saa aliyokiona. Hafundishwi kuripoti alichokumbuka kutoka mwaka mwingine, wala alichotamani kukiona.

Ndugu askari, mtakapokaa kantini jioni na redio ikaleta sauti ya mwimbaji mliyempenda zamani, msikilizeni mpaka mwisho wa wimbo. Kisha semeni. Ikiwa kuna kasoro, itajeni kwa jina lake, maana kasoro iliyotajwa yaweza kutengenezwa hata na mtu wa miaka 47, kama tulivyoona mwaka 2021. Ikiwa ni jema, lisemeni kwa kiasi chake. Na kesho asubuhi, mtakapompima mwenzenu aliyetangulia kuvaa sare hiyo, mpimeni kwa kipimo hicho hicho.