Mcheza Kwao Hutunzwa, Hapunguziwi

Tarehe 4 Oktoba 2022, mjini Arlington, Texas, Aaron Judge wa timu ya besiboli ya New York Yankees aliupiga mpira ukaenda kudondokea jukwaani, upande wa kushoto. Ilikuwa mara ya 62 kufanya hivyo msimu ule, na pigo hilo likaifuta rekodi ya Ligi ya Amerika iliyowekwa na Roger Maris, naye wa Yankees, mwaka 1961. Siku kumi baadaye Judge alikuwa nyumbani, Bronx, katika mechi ya mtoano dhidi ya Cleveland. Alitolewa mara nne bila kuupata mpira, na uwanja ukamzomea. Waliozomea hawakuwa wageni kutoka Ohio. Walikuwa mashabiki wa Yankees.

Mchezaji kuzomewa akiboronga ni desturi ya New York, na hilo peke yake lisingenifanya nishike kalamu. Kinachonikera ni maneno yaliyomwandama tangu Aprili mwaka ule hadi Desemba, aliposaini mkataba mpya: kwamba huyu hana mapenzi na timu, katanguliza pesa mbele. Msomaji anayefuatilia usajili wa Kariakoo anayajua maneno haya. Yanasemwa kila dirisha linapofunguliwa. Imani iliyo nyuma yake ni ile ile popote yanaposemwa: nyota anayeipenda klabu yake atakubali kulipwa pungufu ili abaki, na akiisimamia bei yake basi ni mamluki.

Nasema imani hii ni ya uongo. Shabiki hapati faida yoyote kutokana nayo. Anayeneemeka ni mwenye timu peke yake.

Tuitazame hesabu ya Judge mwenyewe. Yankees walimchagua mwaka 2013, yeye hakuwachagua. Katika besiboli ya Marekani kijana hatafuti timu. Timu hupangwa kwa zamu, kila moja ikamtaja inayemtaka, na aliyetajwa ama asaini na iliyomtaja ama abaki na masomo yake asubiri mwaka mwingine. Akishapanda ligi kuu, timu hiyo humshikilia kwa misimu 6. Takriban mitatu ya kwanza analipwa kiwango cha chini au zaidi kidogo, kadiri klabu inavyoona. Mitatu inayofuata mshahara wake unaweza kupelekwa kwa wasuluhishi, lakini kuondoka bado hawezi.

Na hata hiyo misimu 6 klabu hujua kuirefusha. Mwaka 2015 Kris Bryant wa Chicago Cubs alikuwa amewachapa warushaji wote waliomkabili katika mechi za maandalizi, akapiga mipira 9 nje ya uwanja, na bado akarudishwa ligi ya chini msimu ulipoanza. Siku 172 ndizo zinazohesabiwa kuwa mwaka mmoja kamili wa utumishi. Cubs walimpandisha katikati ya Aprili, akamaliza mwaka akiwa na siku 171. Kwa siku moja pungufu, klabu ikajipatia msimu mzima zaidi wa kummiliki. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaipa klabu ushindi. Sikumbuki mtu yeyote akiuliza mapenzi ya Cubs kwa mchezaji wao yako wapi.

Mwaka 2017, msimu wake kamili wa kwanza, Judge alipiga mipira 52 nje ya uwanja, akawa mchezaji bora chipukizi, na jezi yake ikauzwa kuliko ya mchezaji mwingine yeyote katika ligi nzima. Kwa kuwa jina lake maana yake ni hakimu, klabu ilimjengea sehemu maalumu katika jukwaa la 104, iliyopambwa kwa mbao kama chumba cha mahakama, na mashabiki waliokaa humo wakavalishwa majoho meusi. Biashara ilichanganya kwelikweli. Mshahara wake mwaka huo ulikuwa dola 544,500, wakati kiwango cha chini kabisa cha ligi kilikuwa dola 535,000. Tofauti ya dola 9,500 ndiyo iliyomtenganisha kipenzi wa Bronx na mchezaji wa akiba asiyejulikana jina.

Mapenzi yalianza kudaiwa pale tu alipokaribia kuwa huru. Asubuhi ya 8 Aprili 2022, kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, meneja mkuu Brian Cashman alikutana na waandishi na kuwatajia dau ambalo Judge alikuwa amelikataa: miaka 7, dola milioni 213.5. Baadaye Judge alieleza kwamba alikerwa na tarakimu hizo kutolewa hadharani. Mimi naona zilitolewa kwa makusudi, maana dau likishatangazwa anayebanwa ni mchezaji. Mtu anayepanda treni namba 4 kwenda uwanjani, amejibana kununua tiketi na soda ya mwanawe, akisikia milioni 213 lazima ajiulize huyu bwana anataka nini tena. Hajiulizi mwenye timu anabaki na kiasi gani, kwa sababu hiyo ni hesabu isiyosomwa mbele ya waandishi. Kundi lililoongozwa na George Steinbrenner liliinunua Yankees mwaka 1973 kwa takriban dola milioni 10. Mwaka 2022 jarida la Forbes liliithaminisha klabu hiyo kwa dola bilioni 6.

Desemba Judge alisaini miaka 9 kwa dola milioni 360. Toa dau la Aprili, inabaki milioni 146.5. Hayo ndiyo mapenzi aliyokuwa akidaiwa: ayatoe mfukoni mwake, yaingie mfukoni mwa Hal Steinbrenner, mtoto wa George. Nani anaamini kwamba bei ya tiketi ingeshushwa ili kumshukuru shabiki kwa wema huo?

Watetezi wa imani hii wana jibu lao hapa. Wanasema mwishoni Judge aliacha pesa: iliripotiwa kwamba San Diego Padres walikuwa tayari kufika milioni 400, na San Francisco Giants, timu ya upande wa California alikokulia, nao walikuwa mezani. Ni kweli, na aliamua kurudi New York, akatangazwa nahodha tarehe 21 Desemba, wa kwanza tangu Derek Jeter alipostaafu mwaka 2014. Lakini huyu ndiye yule yule aliyeitwa mamluki tangu Aprili. Kuipenda timu na kuisimamia bei yake vilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Angefuata ushauri wa waliomlaani, angekuwa nahodha yule yule, amepigwa milioni 146.5.

Sasa tumtazame aliyefanya sawasawa na imani inavyotaka. Siku zile zile za mwanzoni mwa Aprili 2022, José Ramírez wa Cleveland alikubali kubaki kwa mkataba uliofika dola milioni 141 kwa miaka 7. Kila aliyelijua soko alijua kwamba ni pungufu sana ya thamani yake. Ramírez ni kijana wa Jamhuri ya Dominika ambaye klabu hiyo ilimsajili kwa dola 50,000 tu, na alisema anataka kumalizia maisha yake ya mpira hapo hapo. Namheshimu, pesa ni zake na uamuzi ni wake. Swali langu ni kwa mashabiki waliomfanya kipimo cha kuwapimia wengine: kile alichokiacha kilikwenda wapi?

Imani inajibu kwamba kilikwenda kuwaleta wenzake wa kumsaidia. Hakikwenda huko. Cleveland iliendelea kuwa miongoni mwa timu zinazolipa kidogo zaidi katika ligi. Mwaka 2024 ilifika fainali ya Ligi ya Amerika, ikafungwa na Yankees wa Judge mechi nne kwa moja, hatua moja tu kabla ya fainali kuu, ambayo mji huo haujaishinda tangu mwaka 1948. Hapo ndipo penye njaa ya kuongeza nguvu. Lakini Desemba ya mwaka huo klabu ikawaondoa wachezaji wake Andrés Giménez na Josh Naylor, mmoja kwenda Toronto na mwingine Arizona. Giménez naye alikuwa ameamini: mwaka mmoja na ushee kabla alisaini mkataba mrefu wa milioni 106.5 ili abaki. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma yoyote ninayoijua, wanaotuza ni wenye shughuli na wageni wao, na anayetuzwa ni mchezaji. Imani hii inataka mchezaji atoke jasho uwanjani, kisha yeye ndiye amtuze mwenye shughuli.

Naikubali sehemu moja ya hoja ya upande wa pili. Ligi hii haina ukomo wa mishahara, lakini ina kodi kwa timu inayovuka kiwango fulani, na mwaka 2023 kiwango kilikuwa dola milioni 233. Kwa klabu kama Yankees, Dodgers au Mets, kila milioni anayolipwa nyota ina mkia. Lakini kuikwepa kodi hiyo ni uamuzi wa mmiliki anayetazama faida yake, na wengi wanaokwepa hawako hata karibu na huo mstari. Tena ipo hoja halali kabisa ya bei. St. Louis walimwacha Albert Pujols aende California mwaka 2011 kwa miaka 10 na dola milioni 240, na miaka yake mingi kule ilikuwa ya kushuka. Mkataba wa Judge utaisha akiwa na miaka 39. Anayeona huo ni mzigo aseme hivyo, alete takwimu za magoti na umri, tubishane. Hadi sasa Judge ameshakuwa mchezaji bora wa Ligi ya Amerika mwaka 2024 na 2025, lakini hayo ni mabishano ya haki. Kuuchunguza moyo wa mtu kwa kutazama sahihi yake si mabishano, ni hukumu bila ushahidi.

Na klabu zenyewe hupenda vipi? Machi 2022 Atlanta Braves, mabingwa wa mwaka uliotangulia, walimchukua Matt Olson kutoka Oakland, na hapo hapo mlango ukafungwa kwa Freddie Freeman, aliyekuwa nao tangu mwaka 2007. Alitaka miaka 6, akaipata kwa Dodgers. Juni akarudi Atlanta kupokea pete yake ya ubingwa, akaketi mbele ya waandishi, machozi yakamzuia kuzungumza. Mtu mzima, bingwa, analilia timu iliyomwacha, na bado walikuwepo waliosema alifuata pesa. Boston ndio waliopitiliza. Walimwondoa Mookie Betts mwaka 2020, miaka miwili baada ya kuwapa ubingwa. Mashabiki walipokasirika wakampa Rafael Devers miaka 10 na dola milioni 313.5, Januari 2023, ili watu waone kwamba safari hii nyota anabaki. Juni 2025 wakamhamishia San Francisco.

Anayetaka kuona mapenzi ya bei nafuu yanaishia wapi aende Oakland. Kwa miaka mingi timu ile iliwalipa wachezaji kidogo na kuwaachia nyota wake mmoja baada ya mwingine: Semien, Chapman, huyo Olson. Mashabiki waliambiwa wawe na subira, wauelewe uchumi wa timu ndogo. Tarehe 13 Juni 2023 zaidi ya 27,000 kati yao walijaza uwanja makusudi, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki John Fisher auze. Hakuuza. Tarehe 26 Septemba 2024 ikachezwa mechi ya mwisho pale, na timu ikahamia West Sacramento kusubiri uwanja wa Las Vegas. Pesa ambazo nyota hawakulipwa hazikumbakishia mtu wa Oakland hata timu yenyewe.

Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito. Haki ya mchezaji kusema bei yangu ni hii iligharimu watu. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi aliyeitumikia St. Louis kwa miaka 12 na kutwaa nayo ubingwa mara mbili, aliambiwa ahamie Philadelphia. Sheria ya wakati ule ilimfunga mchezaji kwa klabu yake maisha yote. Alikataa, akamwandikia kamishna Bowie Kuhn kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake kwa kura 5 kwa 3, na maisha yake ya uwanjani yakawa yamekwisha. Kifungo hicho kilivunjwa Desemba 1975, kwa uamuzi wa msuluhishi katika shauri la wachezaji wengine. Na wamiliki hawakukubali kirahisi: kati ya mwaka 1985 na 1987 walikula njama ya kutogombania wachezaji huru, wakabainika, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280.

Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Uliotangulia ulipoisha, wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa siku 99. Safari hii baadhi yao wamesema waziwazi kwamba wanataka ukomo wa mishahara, na wanajua hawataupata kwa hoja za mezani peke yake. Wanamhitaji shabiki awe ameshaamini, kabla hata ya mazungumzo kuanza, kwamba mlafi ni mchezaji. Kila anayesema nyota fulani hana mapenzi na timu anawafanyia kazi hiyo bure.