Bwawa la samaki Masisi na Walikale: maji kwanza, samaki baadaye

Familia zinazorudi katika vijiji vya Masisi na Walikale baada ya miezi au miaka ya uhami zinasikia mashauri mengi, na moja kati yake ni hili: chimbeni bwawa, mufuge samaki. Shauri lenyewe ni zuri. Kinachoharibu kazi ni mpangilio wake. Pale ambapo samaki wanaletwa kabla maji hayajawa tayari, tena wanaletwa kutoka mbali, wiki chache zinatosha kuwamaliza. Samaki wanaelea, familia inabaki na shimo la maji na deni la watoto wa samaki, na majirani wanasema kwamba Masisi hakuna samaki anayeweza kuishi.

Si kweli. Samaki anaishi Masisi. Anayeshindwa ni yule aliyetupwa kwa haraka katika maji asiyoyajua.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, watu wengi walirudi makwao bila mbuzi, bila mbegu na bila akiba. Familia ya namna hiyo ina nafasi moja tu ya kujaribu. Mafranga yakipotea katika bwawa, hakuna mengine ya kuanza upya. Ndiyo maana mashirika ya misaada, ofisi za ufugaji na uvuvi, na familia zenyewe wanapaswa kugeuza mpango: maji yatangulie, samaki wafuate, na samaki hao watoke karibu.

Faida ya bwawa haina ubishi. Barabara kutoka Goma kupitia Sake kwenda Masisi, au kwenda Walikale, ikifungwa kwa vita au kwa matope, tomsoni na makayabu hupanda bei au hukosekana kabisa, na watoto wanabaki na sombe na maharagi. Bwawa lililo nyuma ya nyumba halingoji lori.

Lakini Masisi na Walikale si maji ya aina moja. Walikale iko chini, katika msitu wenye joto, na tilapia anayelishwa vizuri huko anaweza kuvuliwa baada ya miezi 6 hivi. Masisi inapanda, na sehemu zake nyingine zinapita mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida, kila mita 1000 za kupanda, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Tilapia anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, anakula kidogo, anakua polepole na karibu haachi kizazi. Yakikaribia 15, anaacha kula. Kwa hiyo bwawa la milimani linahitaji miezi 9, hata 12, na anayeahidiwa mavuno ya miezi 6 huko juu anadanganywa.

Rwanda, yenye milima kama hiyo, ilijaribu ufugaji wa tilapia miaka ya 1980 katika kituo cha Rwasave, Butare, na katika mabwawa ya wakulima. Ilionekana kwamba tilapia anaweza kufugwa hata huko juu, ila kwa muda mrefu zaidi. Tena baridi ina faida moja iliyofichika: samaki hazai ovyo. Katika mabwawa ya joto, tilapia huzaa mpaka bwawa linajaa visamaki vya kidole kimoja visivyokua, na hiyo ni moja ya sababu zilizofanya mabwawa mengi yaliyochimbwa Kongo miaka ya 1950 kuachwa baadaye. Milimani, aliyeweka samaki 100 hukuta karibu 100 walewale, ila wamenenepa.

Mfano mmoja wa mbali unasaidia hapa. Katika nchi zenye bahari ya baridi, kama Uingereza, kuna watu wanaofuga viumbe vya bahari nyumbani kwa kufurahisha macho tu. Wanajaza sanduku la kioo maji ya bahari, wanaweka humo kaa, konokono na visamaki walivyookota kwenye mawe ya pwani yao wakati bahari imerudi nyuma. Kanuni zao ni chache: maji yabaki na baridi ileile ya pwani, viumbe wawe wachache, watoke ufuo mmoja, na asiyeweza kufugwa arudishwe alikookotwa. Zaidi ya yote, wanangoja. Sanduku hukaa wiki kadhaa kabla ya kujazwa, kwa sababu uchafu wa samaki hutoa sumu iitwayo amonia, na bakteria wanaoigeuza sumu hiyo huchukua muda kuongezeka. Katika maji ya baridi wanaongezeka polepole zaidi.

Basi, anayefuga kwa kufurahisha macho anangoja wiki nyingi kwa ajili ya kaa mmoja. Mama anayetafuta mboga ya watoto sita anapewa samaki 400 siku ileile bwawa linapojazwa. Mpango huo hauna haki. Mwenye kidogo ndiye angepaswa kulindwa zaidi na subira.

Kutayarisha maji hakuhitaji mashine. Kwanza ni mahali: penye jua mchana kutwa, mbali na mikaratusi na kivuli cha migomba. Udongo uwe wa mfinyanzi. Donge lake likirushwa juu na kudakwa bila kupasuka, utashika maji. Bwawa la mita 10 kwa 10 linatosha kuanza. Lisiwe na kina kirefu: sentimita 60 upande wa kuingilia maji, mita moja au zaidi kidogo upande wa kutokea, ili jua lifike.

Kisha linakuja kosa kubwa la milimani: kuacha kijito kipite ndani ya bwawa usiku na mchana. Wengi wanaona maji yanayotembea ni maji mazuri. Kwa kunywa ni kweli. Kwa tilapia wa Masisi, mfereji usiofungwa unaleta baridi kila saa na kuondoa chakula kila saa. Maji yaingie kwa mti wa bambu au bomba lenye kizibo, bwawa lijae, kisha mlango ufungwe. Baadaye ni kurudishia tu kile kilichokauka au kuvuja, na ifanyike mchana jua likiwa kali. Kipimajoto kidogo kisomwe alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki mbili, na namba ziandikwe. Namba hizo ndizo zitakazosema kama bwawa linafaa kwa tilapia, au kama ni afadhali kijiji kishuke kuchimba bondeni.

Katika wiki hizo mbili hadi nne maji yalishwe. Kona moja ya bwawa izungushiwe vijiti, ndani yake yawekwe majani na samadi ya ng'ombe, mbuzi au sungura, mpaka maji yawe kijani. Kipimo ni mkono: ukizamishwa hadi kiwiko na kiganja kisionekane, chakula kipo. Kiganja kikionekana wazi, bado. Maji yakinuka au yakiwa meusi, samadi imezidi.

Hapo ndipo samaki waingie, na wawe wachache. Katika bwawa la baridi la mita 10 kwa 10, samaki 100 wanatosha, yaani mmoja kwa kila mita ya mraba. Wasafirishwe alfajiri, bila kulishwa siku iliyotangulia. Bidoni yao iwekwe ndani ya bwawa nusu saa, na maji ya bwawa yaongezwe humo kidogo kidogo kabla ya kuwaachilia. Samaki aliyetoka maji ya nyuzi 26 akitupwa ghafula katika maji ya nyuzi 19 anaweza kufa bila ugonjwa wowote.

Swali linalofuata ni watoke wapi. Jibu bora ni bwawa la jirani katika bonde la chini, ambako joto linaruhusu tilapia kuzaa. Samaki hao wanajua maji ya nchi, safari yao ni fupi, na mafranga yanabaki kijijini. Kambale naye, anayeweza kuvuta hewa juu ya maji, anavumilia tope na maji mabaya, ila akiwekwa na watoto wa tilapia atawala.

Kutoa samaki mtoni kunahitaji adabu. Anayetafuta mbegu ya samaki kwa utupa au kwa chandarua anaua elfu ili apate kumi, na sumu ile inashuka hadi kwa wanaochota maji ya kunywa. Wachache wanaovuliwa kwa mtego wa miti au kwa ndoana wanatosha.

Hatari nyingine ni kuleta samaki wageni. Maji mengi ya Masisi hushukia Walikale na kuingia mto Lowa, na Lowa inamwaga Lualaba. Mvua kubwa ikibomoa ukuta wa bwawa moja juu mlimani, samaki wake hawarudi tena. Ziwa Victoria lilipewa sangara, yule anayeitwa kapitene huku Kongo, katika miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi mno za visamaki vya ziwa lile zilikuwa zimepotea au karibu kupotea.

Wengine watajibu kwa kutaja sambaza. Ni kweli, sambaza wa Ziwa Kivu aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo analisha Goma na Bukavu. Lakini alitiwa katika ziwa ambalo katikati yake hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji, na hata hivyo vijidudu hivyo vilipungua sana. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana Kivu, safari hii bila mpango wa mtu anayejulikana, na anagombea chakula kilekile na sambaza. Bahati ya mara moja haifanywi sheria. Maziwa ya Mokoto, yaliyo ndani ya Masisi, ni madogo kuliko Kivu mara nyingi, na hayana nafasi ya majaribio.

Kuna pingamizi lililo zito kuliko yote: mwenye njaa hawezi kungoja. Ni kweli kwamba hawezi kula maji ya kijani. Lakini bwawa halikuwa chakula cha wiki hii hata kidogo. Hata likienda vizuri ni chakula cha miezi mingi ijayo. Wiki nne za kungoja hazimwondolei mtu mlo, zinamwokolea mavuno. Na kuta za bwawa zinapandwa siku ileile: matembele, maboga, lengalenga. Mboga hizo hupatikana mapema, na maji ya bwawa yanazinywesha wakati wa kiangazi. Kuta zifyekwe na majani ya ukingoni yang'olewe, maana mbu huzalia humo, na uzio uwekwe kwa ajili ya watoto.

Lililo gumu zaidi ni ardhi. Masisi inajua vizuri vita vya mashamba. Mhami aliyepokelewa katika kijiji cha wengine akichimba bwawa kwa makubaliano ya mdomo, siku samaki watakaponenepa mwenye shamba anaweza kukumbuka kwamba shamba ni lake. Kabla ya jembe la kwanza, makubaliano yaandikwe mbele ya shefu wa kijiji na majirani wawili: miaka mingapi, nani analisha, nani anavua, mavuno yanagawanywa vipi, na nini kitatokea vita vikiwatawanya tena. Hiyo ya mwisho isionewe haya. Aliyekimbia haachi bwawa lake kuwa mali ya atakayefika kwanza. Kijiji kinaweza kukubaliana kwamba jirani aliyebaki alilishe, avue nusu, na aache nusu kwa mwenyewe.

Wenye kutoa misaada nao wana deni lao. Ripoti inayohesabu watoto wa samaki waliogawanywa haisemi kitu. Inayofaa kuhesabiwa ni samaki walio hai baada ya miezi sita. Shirika likipima hivyo, lenyewe litaleta kipimajoto kabla ya samaki, litamlipa agronomu arudi mara nne badala ya mara moja, na litanunua watoto wa samaki katika bonde la chini badala ya kuwatoa mbali kwa gari.

Kwa familia, kazi ya mwezi wa kwanza ni hii: kuchimba penye jua, kufunga mfereji, kuweka samadi, kupima asubuhi na alasiri. Mwenye kufika hapo na maji ya kijani yasiyonuka ana haki ya kudai samaki. Na anayemletea samaki kabla ya hapo aombwe, kwa heshima, arudi nao wakingali hai.