Ukija Dzaleka, lenzi ndefu iache Lilongwe

Tamasha la Tumaini, linalofanyika hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, likikaribia, huwa napokea swali lile lile kwenye simu: nakuja Malawi, nibebe lenzi gani? Wanaouliza wako Nairobi, Dar es Salaam, wengine Ulaya. Wapo pia Wamalawi wa Lilongwe, mwendo wa kilomita 50 kasoro kwa njia ya Lumbadzi, ambao kwao kambi yetu nayo ni ng'ambo. Mimi kazi yangu hapa ni picha za harusi na ubatizo, ndiyo maana nafanywa mshauri. Jibu langu halibadiliki: njoo na milimita 35 au 50. Ile 70–200 iache hotelini, au uipeleke Ziwa Malawi na mbugani.

Huko ina kazi. Furukombe wa Senga Bay hatakungoja umfikie, na tembo wa Liwonde usithubutu kumfuata. Kule Dedza, kwenye michoro ya miambani ya Chongoni iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, utataka lenzi pana, kwa kuwa mara nyingine mwamba uko puani mwako na nyuma hakuna pa kurudi. Ugomvi wangu na lenzi ndefu unaanza inapoelekezwa kwa mama anayechota maji.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, ikikadiriwa kubeba watu kama 10,000 hivi. Leo tumeshapita 50,000, Wakongo tukiwa wengi, pamoja na Warundi, Wanyarwanda na wengine. Tumebanana kweli, wala hatuhitaji lenzi itusaidie kubanana. Lakini simama mbali, vuta kwa milimita 200, uone: mabati yanapandana, njia iliyo kati ya nyumba inapotea, duka la jirani yangu linaonekana limebebwa na nyumba ya nyuma yake. Picha hiyo itasifiwa, maana inafanana na kambi ambayo mtazamaji alikuwa nayo kichwani tangu kwao. Ingia njiani na 35 yako, na njia yenyewe itaonekana: msusi na mteja wake, kijana anayechaji simu za watu, kabaza, yaani mwendesha baiskeli ya abiria, akigombania nauli.

Lenzi fupi inakulazimisha usogee, na ukisogea utasalimia tu, hata kama hukupanga. Mwenye ndefu anaweza kuchukua uso wa mtu kutoka ng'ambo ya uwanja. Hapa uso ni jambo zito. Wako waliowakimbia watu wanaowafahamu kwa majina. Picha ikiwekwa Facebook leo jioni, kesho imeshafika Uvira, kule Kongo. Mwenye 50 akikatazwa, anaomba radhi na yanaisha. Mwenye 200 hatajua kamwe kama angekatazwa.

Najua nitabishiwa kwamba picha nzuri ni ya mtu asiyejua anapigwa. Hata harusini naambiwa hivyo, na wajomba wasioshika kamera. Kaa na watu saa nzima, kunywa chai yao, watakusahau ukiwa hatua mbili tu kutoka walipo. Watoto ndio hawakusahau, na hao hakuna lenzi inayowaweza.

Ila usivuke mpaka ukaja na milimita 16 na kumwinamia mzee usoni. Pua itavimba, masikio yatakimbilia nyuma, na mtu aliyeheshimiwa maisha yake yote atatoka kama kikaragosi.

Halafu kuna usiku wa tamasha. Tumaini lilianzishwa na Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na rapa Mkongo anayejulikana kama Menes la Plume, na mara ya kwanza lilifanyika mwaka 2014. Giza likiingia, taa za jukwaani hazitoshi. Lenzi inayofunguka hadi f/1.8 inapokea mwanga karibu mara 10 ya ile inayoishia f/5.6, na 50 ya f/1.8 ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingi madukani. Kama kamera yako ina kihisi kidogo, 50 hiyo itabana kama 75 au 80; basi chukua 35. Na usibadilishe lenzi uwanjani. Vumbi letu jekundu la kabla ya mvua likiingia kwenye kihisi, utakuwa na madoa angani mpaka mwisho wa safari.

Sisi wenyewe hatuna haja ya kuulizana lenzi za safari. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti, mojawapo likigusa uhuru wa kutembea, na mkimbizi akitaka kutoka kambini anaomba kibali. Kwa hiyo katika utalii huu sisi ni wa upande wa mbele wa lenzi. Lakini tuko nyuma yake pia, na hilo wageni wengi hawaliulizii. Ukitaka picha za jukwaani za karibu, wapo vijana wa hapa wenye kamera, wanaojua ni saa ngapi ngoma za Warundi zinaingia na nani hapendi kupigwa. Mkodi mmoja wao, mpatane bei mapema, umlipe kwacha zake siku hiyo hiyo. Ndiyo, najipigia debe.