Mizani si kiti cha hukumu



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili hapa Ngerengere, wahudumu wa afya waliweka meza yao chini ya mwembe wa parokia. Walikuja na mizani, utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani, kipimo cha presha na kile kifaa kidogo kinachosoma sukari kwa tone la damu. Nilipopanda mizani, waumini walisogea kuchungulia. Mmoja akasema kwa sauti, "Kweli Padre tunamtunza!" Tukacheka.

Mama mmoja wa kwaya hakucheka. Alitoka kwenye foleni taratibu, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Kesho yake nilimfuata nyumbani. Akaniambia kwa heshima zote: "Baba Paroko, wakati wa Kwaresima ulituambia unene ni ushahidi wa ulafi na uvivu. Sasa nipimwe mbele za watu ili iweje?"

Ni kweli, nilisema hivyo. Katekisimu inatufundisha kwamba ulafi ni mmoja wa vichwa vya dhambi. Mimi nikaenda mbele zaidi, nikauhukumu moyo wa mtu kwa kutazama kiuno chake. Leo nasahihisha mahubiri yangu.

Tuanze na kipimo chenyewe. Wahudumu huchukua uzito wako kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 31 na kitu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Hesabu hii ilianzishwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet. Hakuwa tabibu. Alikuwa mtaalamu wa takwimu, akitafuta wastani wa watu wengi. Ndiyo maana hesabu yake haitofautishi misuli na mafuta. Kijana anayebeba magunia anaweza kupata namba sawa na mtu anayeshinda kitini.

Kwa hiyo utepe nao una kazi yake. Mafuta yanayozunguka matumbo ndiyo yenye hatari zaidi kwa moyo na sukari. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kiuno kisifikie nusu ya urefu wako. Zipo pia mashine zinazopitisha umeme hafifu mwilini na kukadiria mafuta ni kiasi gani, lakini nazo hukadiria tu.

Lililonivunja kiburi zaidi limetoka hapa hapa nchini, kwa ndugu zetu Wahadza wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania Audax Mabulla, walichapisha utafiti uliowahusu Wahadza 30. Waliwapa maji maalumu yanayoweza kufuatiliwa katika mkojo, wakajua kila mmoja anatumia nguvu kiasi gani kwa siku. Wahadza hutembea mwendo mrefu kila siku, wakiwinda na kuchimba mizizi. Ungetegemea wachome nguvu nyingi kuliko watu wa mjini. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao yalikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaonekana mwili ukitumia sana huku, hubana matumizi kule. Wataalamu bado wanajadiliana namna unavyofanya hivyo.

Basi, mimi niliyemwita mtu mnene mvivu nilisema nisilolijua. Kutembea kunafaa sana kwa moyo, sukari na usingizi, lakini si mizani ya kupimia bidii ya mtu. Kuna urithi wa ukoo, kuna dawa na maradhi. Na kuna sahani, ambayo mara nyingi tunajaziana sisi wenyewe. Mgeni akija jumuiya, soda mbili na chapati. Akikataa, tunasema anaringa.

Kuna jambo jingine tunalolinyamazia. Sisi wa rika langu tunakumbuka miaka ya UKIMWI, jinsi mtu aliyekonda alivyohukumiwa mitaani kabla hajafika hospitali. Wapo akina mama wanaoogopa kupungua kwa sababu hiyo. "Umekonda, vipi?" ni neno dogo linalomrudisha mtu kwenye hofu ya zamani.

Wengine watasema Padre ametoa ruhusa ya kula ovyo. Hapana. Presha na kisukari huingia kimya kimya, na havisikilizi visingizio. Hata wembamba vinawapata. Pimeni, ndugu zangu.

Lakini tukumbuke anayepima ni nani na kwa nini. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 5, mfalme Belshaza alipimwa katika mizani akaonekana amepungua. Aliyempima ni Mungu, na kilichopimwa kilikuwa kiburi chake, si nyama ya mwili wake. Katika Ezekieli, sura ya 40, yupo mtu mwenye mwanzi anayepima hekalu, ukuta kwa ukuta. Hapimi ili kulidharau. Analipima kwa sababu Bwana anakusudia kukaa humo. Mtakatifu Paulo anaiita miili yetu hekalu. Tuipime kwa nia hiyo.

Parokiani tumekubaliana mambo matatu. Upimaji ujao utafanyika ndani ya chumba, mtu mmoja mmoja, na namba ya mtu itabaki yake. Katika jumuiya, mgeni atakaribishwa kwa maji na matunda yanayoshuka kutoka Uluguru, na akisema ameshiba tutamwamini. Na altareni sitataja tena mwili wa mtu.

Yule mama nimemwomba radhi. Amenisamehe, na kwaya anaimba kama kawaida. Kupimwa bado hajaja. Sitamlaumu, kwa kuwa mlango niliufunga mimi. Ninachoweza ni kuuacha wazi na kumwombea.

Jumapili njema.