Wananchi wameelewa, ndiyo maana wanakataa

Ukihudhuria semina mbili tatu za mambo ya migodi mjini Lubumbashi, hutakosa kusikia maneno haya: "Mradi ni mzuri, ila wananchi hawajaelewa." Kisha hutajwa dawa. Aajiriwe afisa wa mawasiliano, zichapwe fulana na kofia, redio ilipwe vipindi, machifu waalikwe chakula cha mchana. Watu wazima wenye digrii zao wanaamini kabisa kwamba mradi mkubwa huokolewa na maneno yaliyopangwa vizuri. Mimi nasema ni imani potofu, na ushahidi wangu uko Kilwa.

Si ile Kilwa ya masultani na magofu kule Lindi. Hii ni Kilwa yetu ya eneo la Pweto, mji mdogo wa wavuvi kando ya ziwa Mweru, kilomita 350 hivi kaskazini mwa Lubumbashi. Kilomita 50 kutoka hapo kampuni ya Anvil Mining ilifungua mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi mwaka 2002. Mzigo ulishuka hadi Kilwa, ukapakiwa kwenye pantoni na kuvushwa Zambia. Mji huo ulikuwa koo la mgodi. Ukiubana, mgodi haumezi wala hautemi.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliubana. Kesho yake jeshi liliukomboa mji. Magari ya kampuni yalibeba askari, na ndege iliyokodiwa na kampuni ikaleta wengine. Kampuni ilijitetea kwamba jeshi liliamuru na haikuwa na la kufanya. Watu zaidi ya 70 walikufa, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta dalili kwamba baadhi yao hawakufa vitani: walikamatwa, kisha wakauawa.

Sasa njoo kwenye mawasiliano. Katika taarifa yake kwa wenye hisa baada ya tukio hilo, kampuni ilieleza kwamba serikali na jeshi walichukua hatua haraka na kusaidia kazi irudi upesi. Kuhusu maiti, kimya. Ipime taarifa hiyo kwa vipimo vya wataalamu wetu wa semina: ni fupi, inatia moyo, inamjua msomaji wake na inampa anachotaka kusikia. Haina kasoro! Ilidumu mpaka Juni 2005, televisheni ya Australia ilipoonyesha kipindi juu ya mauaji ya Kilwa, na tangu hapo jina la mgodi halikutajwa tena bila jina la mji.

Najua jibu litakalokuja. Wataniambia huko ni kuficha, kwamba mawasiliano ya kweli ni kwenda kwa wananchi, kukaa nao na kuzungumza. Haya, twende Lamu.

Waliotaka kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu, Kenya, waliitisha mikutano. Watu walikaa, wakazungumziwa. Lakini tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira lilifuta leseni yao, na moja ya sababu ni hii: mikutano ilifanyika kabla utafiti wa athari za mradi haujafanywa. Wananchi waliulizwa maoni juu ya kitabu ambacho hakijaandikwa. Utafiti ulipokamilika, wenye kuvua na kupumua hapo Lamu hawakurudiwa. Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na bandari mpya ya hukohuko Lamu. Fulana ngapi zingefuta hukumu hizo?

Msemaji asiye na uwezo wa kubadilisha kitu ni wa kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nenda kwenye mkutano wowote wa mgodi na kijiji hapa Katanga. Mama atasimama aulize: lori likimgonga mtoto wangu, naenda kwa nani? Mzee atauliza visima vitachimbwa lini. Afisa ataandika kwenye daftari lake, atatabasamu, atasema: "Nitayafikisha juu." Juu ni wapi? Sijawahi kumwona aliyerudi kutoka huko na jibu.

Na si kwamba sheria haipo. Sheria ya migodi ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni isaini daftari la masharti na jamii, na itoe si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hiyo ni karatasi yenye tarehe, hesabu na saini. Kijiji chenye nakala yake mkononi hakihitaji kuelimishwa; kinahitaji kulipwa kilichoandikwa. Bajeti ya kofia ingetosha kuichapa kwa Kiswahili na Kibemba na kuibandika kila sokoni.

Watu wa Kilwa walielewa tangu siku ya kwanza. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi iliwaachia huru washtakiwa wote kwa mambo ya Kilwa, wafanyakazi wa kampuni wakiwemo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu kabisa ya Kanada ilikataa kusikiliza madai ya watu wa Kilwa dhidi ya kampuni. Hawakunyamaza. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaitia hatiani serikali yetu, ikataka waathirika walioshtaki walipwe dola milioni 2.5, mji uombwe radhi, na waliotupwa makaburini ovyo wafukuliwe wazikwe kwa heshima.

Kwa hiyo wewe mkurugenzi unayetafuta msemaji mwezi huu: mlipie kwanza nauli ya Kilwa. Akae huko wiki nne bila kusema neno, na akirudi, mpe kiti kwenye kikao kinachoamua fedha.