Sikukuu ya Wazazi Waliobaki Nyumbani

Kila Desemba inapokaribia nawasikia wazazi wenzangu huku kwetu Kilimanjaro wakisema: "Watoto wamekwenda zao, nimpikie nani?" Basi siku ya Noeli inapita kwa chai na mkate. Wengine nao wanapika kana kwamba nyumba ingali imejaa. Mimi kama muuguzi nayapinga yote mawili.

Noeli moja tulimpokea wodini mama wa miaka zaidi ya 60, mgonjwa wa kisukari. Asubuhi alimeza vidonge vyake, akaenda Misa, akarudi kubandika machalari. Chakula kiliiva saa 7 mchana lakini hakukigusa, kwa kuwa alikuwa akiwangoja watoto wake kutoka Dar es Salaam. Kumbe basi lao lilikuwa limeharibika njiani. Saa 11 jioni jirani alimkuta kitini amelowa jasho, anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Sufuria imejaa, na mwenye kupika ana njaa! Namshukuru Mungu aliwahishwa.

Zipo dawa za kisukari, mathalani insulini na vidonge vya glibenklamaidi, ambazo huendelea kushusha sukari mwilini hata kama hujala. Anayezitumia asingoje mgeni yeyote, hata awe kifungua mimba wake. Dalili zikianza, na kama mgonjwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika nusu glasi ya maji, halafu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, maana atapaliwa. Akimbizwe hospitali.

Kuhusu wanaopika kupita kiasi, nianze na mimi mwenyewe. Tulizoea kupika mkungu mzima na kilo 4 za nyama. Watoto wetu wanne walipokwisha kuondoka, mkono wangu haukujua kupunguza. Tulikula machalari yale siku tatu, bila jokofu, na siku ya tatu mzee wangu alishinda njia ya chooni. Muuguzi mzima! Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwekwa penye baridi, na kupasha moto hakuondoi kila sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu.

Sisemi tuache vyakula vyetu. Mtu anayekula peke yake mwaka mzima huanza kula ovyo, na sikukuu humkumbusha kupika chakula kamili. Pika ndizi, pika kiburu, ila punguza: chane moja na nusu kilo ya nyama vinatosha watu watatu. Mwenye shinikizo la damu apunguze magadi kwenye kiburu, kwani nayo ina sodiamu kama chumvi. Mbege naiacha kwa leo, nisije nikagombana na wazee.

Nasema watu watatu kwa sababu karibu kila jumuiya ndogo ndogo ina mjane au mzee anayeshinda peke yake siku hiyo. Kwangu Noeli hii tutakula saa 7 kamili, mimi, mzee wangu na mama jirani. Watoto wakifika usiku watakuta ndizi mbichi jikoni, na kisu wanakijua kilipo.